Mistari Niliyoifuta

Asalaam alaykum, vijana. Mwalimu wenu hapa Gombani kaniomba nije nikuelezeni maana ya uchimbaji data na faida zake, kwa kuwa nimekaa chumba cha kumbukumbu cha hospitali tangu nywele zangu nyeusi mpaka hivi mnavyoniona. Kanipa na karatasi yenye vichwa vya kuzungumza. Nimeisoma, nzuri, nimeikunja nikaitia mkobani. Mie nitakuhadithieni nilivyokaribia kumuua mtoto wa watu kwa kidole kimoja, na humo humo mtapata maana, faida na hasara. Na wewe uliyeinama na simu kule nyuma, iweke chini. Nakuona.

Naitwa Bi Rukia, nakaa Madungu, nimestaafu. Kazi yangu ilikuwa karani wa kumbukumbu. Mgonjwa akija namwandika. Akipona naandika kapona, akifa naandika kafa. Watu wanadhani hospitali ni daktari na nesi tu, karani ni mtu wa kupiga mihuri na kula vitumbua. Vitumbua nilikula, sikatai. Lakini daktari anahamishwa, nesi anahamishwa, daftari linabaki, na aliyebaki nalo ni mie.

Haya, uchimbaji data ni nini? Una madaftari ya miaka mingi, kila mstari ni mtu mmoja. Ukisoma mstari mmoja unamjua mgonjwa mmoja. Ukisoma mia macho yanauma. Kompyuta inaisoma yote kwa dakika, haichoki wala haiendi kuswali, na inachotafuta ni mambo yanayofuatana: hiki kikiwepo, na kile mara nyingi kipo. Ikishayapata, anapokuja mtu mpya inakwambia, huyu anafanana na wale, basi mtazamie hili. Kampuni za simu hufanya hivyo kujua nani yu tayari kuhama. Benki hufanya hivyo kumjua mwizi anayetumia kadi ya mwenzake. Sisi tulifanya kwa wagonjwa. Hamna uchawi humo, ingawa aliyetuletea alijiona mchawi kidogo.

Huyo alikuwa Haroub, kijana kutoka Unguja, kaletwa na mradi wa kutia madaftari yetu kwenye kompyuta. Suruali ya kubana, maneno mengi ya Kizungu, na kila nikisema neno la kwetu ananiuliza, "Umesemaje, Bi Rukia?" Kwa wiki mbili sikumpenda. Wiki ya tatu alinipata.

Alinipata kwa mikarafuu. Tulikuwa tumeingiza kwenye mashine wagonjwa wote waliovunjika mikono na miguu, Haroub akabonyeza, ikatoka michoro. Akaniita kwa furaha, "Bi Rukia, njoo uone! Watu wanavunjika zaidi msimu wa karafuu!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, yakhe, mradi mzima umekuja kutwambia kwamba mtu aliye juu ya mkarafuu anaweza kuanguka? Hata mbuzi wa hapa Gombani anajua. Yeye hakununa. Akanambia, "Tazama hapa, siku." Nikatazama. Wengi walianguka Ijumaa asubuhi. Hapo kicheko kikanikauka. Nani asiyejua vile watu wanavyokimbilia kumaliza mti kabla ya adhana ya Ijumaa? Wote tunajua, lakini hakuna aliyewahi kuyaweka pamoja. Tukawapa masheha, wakatangaza misikitini: Ijumaa pandeni miti mifupi, au lazeni ngazi chini mpaka baada ya sala. Na hospitali ikaagiza plasta mapema. Msimu ule ukapita wodi ya mifupa ina nafasi.

Toka hapo nikaiamini mashine. Niliiamini kama mtu anavyomwamini shemeji mpya aliyekuja na zawadi.

Sasa nirudi nyuma kidogo, mumjue Mzee Makame, aliyenifundisha kazi. Marehemu, Mungu amrehemu. Alikuwa mkuu wa chumba cha kumbukumbu nilipoajiriwa, mfupi, mkali, kalamu nyekundu sikioni. Yeye hajapata kugusa kompyuta, lakini alikuwa anachimba data kabla ya Haroub kuzaliwa. Mwaka nilioanza kazi watoto walikuwa wanakuja na kuharisha kila siku. Mzee Makame akachora ramani ya mtaa kwenye karatasi ya kufungia nguo, akaitandika mezani, kila mtoto aliyeandikwa akamwekea punje ya kunde juu ya nyumba yao. Mpaka Alhamisi kunde zimejazana kuzunguka kisima kimoja. Kisima kikafungwa, na mtaa ukatulia.

Lakini kilichonikaa kichwani si zile kunde. Baina ya zile punje kulikuwa na nyumba tatu hazina punje hata moja. Mie nikasema hizo salama. Akanitazama kama niliyemtukania mama. "Umekwenda?" Sijakwenda. Akanipa baiskeli. Nikakuta nyumba mbili wamehama, na ya tatu wamefiwa na mtoto, wakamzika bila kufika hospitali. Nilirudi nalia. Mzee Makame akachukua punje nyeusi akaiweka pale. Kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, kwenye daftari penye nafasi tupu alikuwa akipazungushia kalamu nyekundu, na maana yake ni panda baiskeli.

Ilipokuja kompyuta baiskeli ikaozea uani. Hilo ni kosa letu sote, ila linalofuata ni langu.

Baada ya mikarafuu, mradi ukataka tuchimbe kumbukumbu za wajawazito. Shabaha ilikuwa njema. Wodi ya wazazi vitanda vichache, wajawazito wengi, basi mashine itwambie nani yuko hatarini alazwe mapema, na nani aende nyumbani. Nyekundu akae, kijani aende. Tukaingiza madaftari ya kliniki ya Chake ya miaka mingi, mie nasoma Haroub anaandika, vidole vikituuma. Kila mama ana mstari wake: jina, umri, anapokaa, mimba ya ngapi, presha, damu, miguu kuvimba au la, na mwisho kabisa matokeo. Kajifungua salama, kafanyiwa upasuaji, kapata kifafa cha mimba, kafariki.

Tukaona mistari mingi haina matokeo. Mama kahudhuria mwezi wa nne, wa tano, wa sita, kisha hayupo tena. Haroub akasema mstari usio na matokeo hauifundishi mashine kitu, unaichafua tu, na wageni wa mradi wanakuja wiki ile kuangalia. Akaniuliza, "Tuifute?"

Sasa nisikilizeni. Mie ni Mpemba, mama yangu Mpemba, bibi yangu Mpemba. Msichana wa kwetu akishika mimba ya kwanza, ukifika mwezi wa saba hurudi kwao. Hazai kwa mume, anazaa kwa mamake, anakaa arubaini yake huko, ndipo anarudi na mtoto. Mie mwenyewe wa kwanza wangu nilimzalia kwa mama. Ile mistari iliyokatika nilikuwa nawaona wasichana wenyewe, sura zao, mikoba yao. Nilijua wamekwenda wapi. Haroub alikuwa mgeni, hakujua. Nikajua, nikanyamaza, nikasema, "Futa." Tena nikamwambia nipe nibonyeze mie.

Kwa nini? Kwa sababu wageni wanakuja. Kwa sababu nilikuwa nakaribia kustaafu na nilitaka waseme, tazama yule mama mtu mzima, anaiweza kompyuta kama vijana. Wakasema kweli, wakanipigia makofi. Wallahi nilifurahi.

Mashine ikaanza kazi kliniki. Nesi wa wajawazito alikuwa Saumu, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mkono mwepesi kuliko wote niliowajua. Anampima mama, mie naingiza, jawabu linatoka, na Saumu anagonga muhuri kwenye kadi, wa kijani au mwekundu. Wazazi wakaizoea mihuri ile haraka. Mtu akipata wa kijani anatoka anaionesha foleni nzima, na mwenye mwekundu anatoka kimya.

Siku ninayotaka kukuhadithieni ilikuwa siku ya kliniki, saa nne asubuhi. Akaingia msichana anaitwa Mize Kombo, mume wake fundi wa pikipiki hapa hapa Gombani. Mimba ya kwanza, mwezi wa nane umeingia. Kakaa kwa mume kupita desturi kwa kuwa mume alikuwa mgonjwa. Kavaa kandambili za mume, za kwake hazimwingii tena. Saumu akamtania, "Mwari, umemvua bwana viatu?" Msichana akacheka, akashika kichwa. Akasema kinamuuma tangu juzi.

Presha ilikuwa juu kidogo, haijafika pa hatari. Vijiti vya kupimia mkojo vilikuwa vimekwisha. Saumu akanong'ona, "Ningekuwa mwenyewe ningemlaza huyu." Nikaingiza. Kijani. Tukatazamana. Vitanda vyote vilikuwa na wenye nyekundu, akina mama wa mimba ya sita na ya saba. Saumu akagonga muhuri. Mize akaishika kadi kwa mikono miwili akasema, "Alhamdulillahi. Mama kanambia nisende bila ya jawabu la hospitali." Kwao ni Kojani, kisiwa kidogo cha kuvukia kwa boti. Shangazi yake alikuwa anamngoja nje na begi.

Watu wakaisha. Kama saa saba hivi Saumu akaja chumbani mwangu, hakukaa. "Bi Rukia, roho yangu haitulii na yule mwari. Hebu muulize huyo Haroub, mashine imeona nini."

Haroub akafungua. Kuna mahali mashine inapanga vitu kwa uzito wa hatari, kikubwa juu, kidogo chini. Tukashuka, tukashuka. Chini kabisa imeandikwa: mimba ya kwanza. Yaani kwa mashine yetu mimba ya kwanza ndiyo salama kuliko zote.

Saumu akaanza kucheka, kisha akaacha. "Mimba ya kwanza? Siku ya kwanza ya skuli ya ukunga tulifundishwa kuiogopa. Kifafa cha mimba kinawapenda wa mimba ya kwanza! Nani kaiambia hivi?"

Hajamaliza mie nimeshajua. Wasichana wa mimba ya kwanza waliobaki Chake mpaka kuzaa walikuwa wachache, wakizaa salama karibu na hospitali. Wengine wote, waliozaa salama na walioumia, walikwenda kwao, na mie nikawafuta. Mashine haikusema uongo. Ilisoma tulichoiachia.

Haroub akasema, sauti ndogo, "Lakini hawakuwa na matokeo."

"Matokeo wanayo!" nikamkaripia. "Yako Kojani, yako Micheweni, yako Mkoani. Hayako kwetu tu. Yule mwari kenda wapi?"

Simu ya Mize haikupatikana. Simu ya mume ilipokelewa, akasema wameondoka adhuhuri. Gari ya wagonjwa ilikuwa imekwenda Wete. Haroub akachukua funguo za gari ya mradi bila kumuuliza mtu, na kwa hilo nampenda mpaka leo. Saumu akakimbia wodini akarudi na mkoba wa sindano. Haroub anaendesha, kila baada ya muda anasema, "Nilipaswa kuuliza." Mwishowe nikamwambia anyamaze aangalie njia, wa kuulizwa nilikuwa mie na niliulizwa.

Tulipofika pa kuvukia, maji yamekupwa. Boti iko mbali kwenye maji, na baina yetu matope. Msinicheke: mwanamke wa umri wangu, buibui limefungwa kiunoni, viatu mkononi, nazama mpaka magoti. Saumu mbele na mkoba kichwani. Nahodha akatwambia ndiyo, mwari mjamzito alivuka na shangazi yake, alikuwa anatapika na upepo hamna.

Nyumbani kwao tulikuta mlango umerudishwa. Mama yake, Bi Hadia, mwanamke mrefu, mkavu, katoka kasimama kizingitini. Ndani Mize kalala, kitambaa cha maji usoni, anasema anaona vimulimuli. Saumu akataka kuingia, Bi Hadia akaweka mkono kwenye mlango.

"Mnataka nini?"

Nikasema tumekuja kumrudisha hospitali.

Akaingia ndani, akarudi na kadi. Akainyoosha mbele ya uso wangu. "Hiki nini?"

"Muhuri."

"Rangi gani?"

"Kijani."

Akaanza kusema, na akisema Kikojani chake mbio mbio, Haroub nusu hakufahamu. Mie nilifahamu yote. "Mie ntoto wangu sikumleta nyumbani kibubusa. Nalimwambia kaulize kwanza. Wakikwambia mzima, njoo, wakikwambia mbovu, kaa huko huko. Kauliza, nyie mkamjibu. Kaja kwao, kalala kitandani kwa mamake. Sasa mwaja na matope yenu mwanambia arudi? Mlisema uongo asubuhi au mwasema uongo saa hizi?"

Majirani wameshajaa uani. Saumu akaanza kumweleza habari za presha, kwamba inaweza kupanda kwa saa chache, na kweli inaweza. Lingekuwa jawabu zuri. Tungeweza kulishika hilo, tukatoka na heshima zetu. Bi Hadia hakuondoa mkono mlangoni.

Nikasema, "Uongo ni wa asubuhi. Na ni wangu mie."

Nikamweleza, pale pale, watu wote wanasikia. Nikamwambia kuna mashine inajifunza kwa waliotangulia. Nikamwambia wasichana waliorudi kwao kuzaa hatukuwa tukijua mwisho wao, na badala ya kwenda kuuliza nikawatoa wote, ili hesabu zipendeze mbele ya wageni. Basi mashine ikadhani hakuna mwari wa mimba ya kwanza aliyewahi kupata shida. Huo muhuri umetoka huko.

Bi Hadia alikuwa ananitazama kwa namna sijui niiseme vipi. Kisha akauliza polepole, "Na Raya?"

"Raya nani?"

"Raya binti Kombo, mkubwa wake huyu. Kaolewa huko huko kwenu Chake. Kliniki akija kwenu. Kaja hapa kuzaa wa kwanza, kashikwa na degedege humu humu ndani, kafa yeye na ntoto. Ndo maana huyu nikamwambia akaulize. Raya yumo katika hiyo mashine?"

Nilimkumbuka. Mstari wake niliusoma kwa mdomo wangu. Raya Kombo, mimba ya kwanza, presha ya mwisho juu kidogo, matokeo tupu.

Nikasema, "Alikuwemo. Nilimfuta."

Nilidhani atanipiga, na angenipiga nisingeinua mkono. Hakunipiga. Aliondoa mkono mlangoni, akainama kitandani akamshika mwanawe mabegani, akanambia, "Kamata miguu."

Saumu akapima presha, akasema Subhanallah, akachoma sindano hapo hapo. Tukamtoa juu ya godoro, majirani wanne, mie na Haroub. Maji yalikuwa yameanza kujaa, matope yamefunikwa, tukapita nayo yamefika mapajani mpaka botini. Katikati ya safari Mize akakaza meno, macho yakageuka juu, mwili ukaanza kurukaruka. Saumu akamgeuza ubavu, akamshikilia kichwa, anahesabu kwa sauti. Bi Hadia anasoma Yasin, hakatizi. Haroub analia waziwazi. Mie nilikuwa nimeshika ile miguu, imevimba, imejaa matope, na nilikuwa nasema na Mungu maneno ambayo si ya kuhadithia vijana.

Akatulia. Tukafika hospitali. Akaingizwa chumba cha upasuaji kabla ya magharibi, na mtoto akatoka hai, wa kiume, mdogo kama kuku wa wiki tatu. Mama yake alikaa siku mbili hajui yuko wapi. Siku ya tatu akafungua macho akauliza kandambili za mumewe ziko wapi. Saumu akatoka nje ya wodi akakaa chini ukutani akalia.

Ile mihuri tuliisimamisha asubuhi iliyofuata. Nilimwandikia mkuu wa hospitali mwenyewe, nikaeleza nani kabonyeza. Walinigombeza, walikuwa na haki. Haroub alikuwa na nakala ya mistari yote kabla ya kufutwa, alhamdulillahi, lakini safu ya matokeo ilikuwa bado tupu. Basi tukaijaza kwa miguu. Mimi, yeye, na pikipiki ya mume wa Mize, tukizunguka shehia kwa shehia, nyumba kwa nyumba: asalaam alaykum, mwari wenu aliyekuja kuzaa hapa, je, alizaa salama? Kuna tulikokaribishwa kwa uji na kuna tulikofungiwa mlango. Nilistaafu kazi hiyo haijaisha, nikaendelea nayo bila mshahara mpaka ikaisha. Mashine ikafundishwa upya. Siku ile mimba ya kwanza ilipanda kutoka chini mpaka juu, Saumu alisema, "Haya, sasa nayo imekwenda skuli." Lakini mpaka leo kliniki ile mashine inashauri tu, anayeamua ni mkunga. Na hilo, wewe mwenye simu, liandike.

Wa kwanza kabisa kuandikwa matokeo yake alikuwa Raya. Sikwenda Kojani kwa hilo, Bi Hadia alinifuata mwenyewe. Mize alikuwa bado wodini. Nilikuwa mbele ya kompyuta, mlango ukafunguka, akasimama na kanga yake ile ile aliyovuka nayo, haijatoka matope yote. Akasema, "Nioneshe."

Nikamvutia kiti. Nikautafuta mstari, nikamwekea kidole chake juu ya kioo. Hajui kusoma. Akauliza, "Ndo hapa?"

"Ndiyo hapa."

"Umeandika nini?"

Nilikuwa sijaandika. Nikamwomba aniambie yeye. Akanambia, mie naandika, hakuficha kitu: siku ngapi aliumwa, alianza vipi, nani alikuwepo. Nikamaliza, nikamsomea yote tangu mwanzo. Raya Kombo, mimba ya kwanza, kajifungulia kwao Kojani, kapata kifafa cha mimba, mtoto hakupatikana hai, mama kafariki.

Alisikiliza mpaka mwisho, kidole hakukiondoa. Akaniuliza kama mashine nayo imesikia. Nikamwambia imesikia.

"Basi usimtoe tena," akasema.